Farasi akikaidi, chunguza mwili wako kwanza

MTU akitaja farasi jijini Nairobi, wengi hukumbuka uwanja wa mbio wa Ngong na watu wanaoshika tiketi mkononi wakiomba bahati iwaangukie. Lakini kuna mchezo mwingine wa farasi usio na mbio wala kelele. Mchezo huo huitwa dresaji.

Katika dresaji, mpandaji na farasi wake huingia katika uwanja wa mchanga wenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 60. Hapo farasi hutembea, hukimbia, husimama na kugeuka kwa amri ambazo mtazamaji hazioni. Waamuzi hutoa alama kuanzia sufuri hadi 10 kwa kila kitendo. Mchezo huu umo katika Olimpiki tangu mashindano ya Stockholm ya mwaka 1912, na ni kati ya michezo michache ambamo wanaume na wanawake hushindana pamoja.

Huenda msomaji ukauliza: ukurasa wa afya una haja gani na farasi? Jibu ni kwamba matatizo mengi ambayo wapandaji humlaumu farasi kwayo huanzia katika mwili wa binadamu aliyeketi juu yake. Mengine huanzia katika maumivu ya farasi mwenyewe. Na mwili unaomsumbua farasi ni huu huu unaokusumbua wewe ofisini: kiuno kilichokakamaa, bega moja lililoinuka na pumzi iliyobanwa.

Leo basi tutaangalia matatizo ambayo hutokea mara kwa mara katika mazoezi ya dresaji, chanzo chake, na jinsi ya kuyatatua bila kumuumiza farasi wala kujiumiza wewe.

Maumivu kwanza, adhabu baadaye

Farasi anayetupa kichwa, kupiga mkia kila wakati, kukataa kwenda mbele au kung'ata anapofungwa tandiko huitwa mkaidi. Wengi hukimbilia mjeledi. Hilo ni kosa.

Farasi hawezi kusema kwamba anaumwa. Anachoweza ni kuonyesha. Mwaka 2018 daktari wa mifugo wa Uingereza, Sue Dyson, na wenzake walichapisha orodha ya dalili 24 ambazo farasi anaweza kuonyesha akiwa amepandwa. Miongoni mwazo ni kulaza masikio nyuma, kufungua kinywa mara kwa mara na kuinamisha kichwa upande mmoja. Wataalamu hao walieleza kwamba zikionekana dalili nane au zaidi, yawezekana sana kwamba farasi ana maumivu ya misuli, viungo au mifupa.

Kwa hivyo, kabla ya kumlaumu, angalia mambo haya:

Meno. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa sehemu kubwa ya maisha yake na hupata kingo kali zinazokata shavu na ulimi. Lijamu ikigusa hapo, atatupa kichwa tu. Meno yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka.

Tandiko. Baada ya mazoezi, litoe tandiko utazame jasho mgongoni. Sehemu kavu katikati ya sehemu zilizolowa inaweza kuonyesha kwamba tandiko linabana hapo. Pitisha kiganja polepole mgongoni. Akishtuka au kuuinamisha mgongo, usimpande siku hiyo.

Ukanda wa pua. Vidole viwili vya mtu mzima vipite kati ya ukanda na mfupa wa pua. Wapo wanaoukaza ili kinywa kisifunguke. Huko ni kumfunga mgonjwa mdomo ili asilie.

Tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, awe amekula au hajala. Akikaa saa nyingi bila nyasi, asidi hiyo humletea vidonda. Farasi mwenye vidonda hukataa kufungwa tandiko na huwa na hasira. Apewe nyasi mara nyingi, si nafaka nyingi kwa mara moja.

Kwato. Saisi anayemhudumia kila asubuhi ndiye wa kwanza kugundua kwamba farasi anachechemea au kwamba mguu una joto. Msikilize.

Daktari wa mifugo akishathibitisha kwamba farasi ni mzima, ndipo tunageukia mpandaji.

Farasi anayeegemea hatamu

Tatizo hili hulalamikiwa sana. Mpandaji hushuka mikono ikimuuma, mabega yamepanda hadi masikioni, akisema farasi wake "ana mdomo mgumu".

Ukweli ni kwamba mvutano huhitaji pande mbili. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 hawezi kumwegemea mtu asiyempa kitu cha kuegemea. Ukivuta, naye huvuta. Na katika mashindano ya kuvutana, binadamu hajapata kumshinda farasi.

Dawa yake ni hii. Kaza hatamu kwa kitambo kifupi, kisha legeza mara tu farasi anapokubali. Farasi hujifunza kutokana na kule kulegezwa, wala si kutokana na kule kuvutwa. Ukichelewa kulegeza, hatajua ni lipi alilolitenda sawa.

Kisha badilisha mwendo mara kwa mara. Tembea hatua kumi, simama, tembea tena. Kimbia kidogo, tembea, kimbia tena. Mabadiliko haya humlazimisha farasi kuleta miguu ya nyuma chini ya tumbo lake na kubeba uzito wake mwenyewe, badala ya kuutupa mikononi mwako.

Viwiko vyako vikae karibu na mbavu, vikiwa vimekunjwa na kulegea. Mkono ulionyooka kama fimbo hupeleka kila mtikisiko wa mwili wako moja kwa moja hadi kinywani mwa farasi.

Farasi mgumu upande mmoja

Kama ilivyo kwa watu, farasi naye ana upande anaoupendelea. Upande mmoja hupinda vizuri na upande wa pili huwa kama ubao.

Lakini kabla hujalaumu, tazama visigino vya viatu vyako. Je, kimoja kimelika kuliko kingine? Je, mkoba wako huning'inia bega lile lile kila siku? Je, ukisimama kwenye foleni ya matatu huegemea mguu mmoja? Mtu aliyezoea kuegemea kushoto ardhini ataegemea kushoto juu ya farasi pia. Farasi atapinda ili ajisawazishe, na mpandaji atasema farasi ndiye aliyepinda.

Ukaaji sahihi hupimwa kwa mstari. Mtu akikutazama kutoka ubavuni, sikio, bega, nyonga na kisigino vyapaswa kuwa katika mstari mmoja ulionyooka kwenda chini. Akikutazama kutoka nyuma, mabega yawe sawa na uti wa mgongo uwe katikati ya tandiko. Mwombe mwenzako akupige picha kwa simu. Picha haina upendeleo.

Katika mazoezi, anza kwa upande ule rahisi ili farasi apashe misuli moto. Tumia duara kubwa la mita 20. Kisha nenda upande mgumu kwa muda mfupi, halafu urudi. Usimzungushe upande mgumu hadi achoke, kwa kuwa misuli iliyochoka hukakamaa zaidi. Aidha, usivute hatamu ya ndani kumpinda shingo. Tumia mguu wa ndani kumsukuma kwa upole kuelekea hatamu ya nje, nawe utazame kule unakokwenda.

Farasi mzito na farasi mwenye pupa

Wapo farasi wasiotaka kwenda. Mpandaji hupiga teke kila hatua, na kadiri anavyopiga ndivyo farasi anavyozidi kulala. Ni kama mtoto anayefokewa kutwa: mwishowe hasikii tena.

Njia bora ni kuomba mara moja kwa mguu mwepesi. Asipojibu, omba mara ya pili kwa nguvu kidogo zaidi, mara moja tu. Akiondoka, nyamaza kabisa na umwache aende, hata akienda kasi kuliko ulivyotaka. Kesho yake ombi jepesi litatosha.

Farasi mwenye pupa ni kinyume chake. Hukimbia bila kusubiri. Mara nyingi mpandaji wake amebana magoti na ameshika pumzi bila kujua. Farasi ni mnyama anayewindwa porini, na mwili uliokaza juu ya mgongo wake humwambia kuna hatari. Toa pumzi polepole hadi iishe. Mpeleke katika duara. Anapokimbia mwendo wa matiti, yaani ule wa mapigo mawili ambapo miguu ya mshazari hukanyaga pamoja, punguza kasi ya kuinuka na kukaa kwako, naye atakufuata.

Hali kadhalika, uliza farasi huyo anaishi vipi. Anayelishwa nafaka nyingi na kufungiwa bandani saa 23 kwa siku hana budi kulipuka akitolewa.

Waalimu wa Ujerumani wana ngazi sita wanazofuata katika kumfunza farasi: mapigo sawa ya mwendo, utulivu wa misuli na moyo, mgusano mwepesi wa hatamu, msukumo kutoka nyuma, unyofu, na mwisho kujikusanya, yaani kubeba uzito kwa miguu ya nyuma. Faida ya ngazi ni kwamba jambo likiharibika juu, unajua pa kurudi. Farasi akipoteza unyofu, usipigane naye pale pale. Shuka uangalie kama mapigo bado ni sawa na kama misuli bado imetulia.

Mpandaji anayedunda

Sasa tuje kwa mgongo wako. Katika mwendo wa matiti, mgongo wa farasi hupanda na kushuka kwa kila pigo. Nyonga za mpandaji zikiwa laini, hufuata mwendo huo na mshtuko huishia hapo. Zikikakamaa, mshtuko hupanda hadi pingili za kiuno. Ndiyo sababu wapandaji wengi hulalamikia maumivu ya mgongo wa chini.

Mtu wa mjini ana tatizo la ziada. Ameketi ofisini saa nane, kisha saa mbili katika msongamano wa magari. Misuli ya mbele ya nyonga imekuwa mifupi na ile ya tumbo imelala. Anapopanda farasi Jumamosi, anautaka mwili ufanye kinyume cha ulichokifanya wiki nzima.

Usijilazimishe kukaa bila kuinuka kwa muda mrefu. Anza na dakika mbili, uinuke, kisha ujaribu tena. Kama kuna mkufunzi, akushikie farasi kwa kamba ndefu na akuzungushe, ili mikono yako isihitaji hatamu. Katika Shule ya Kupanda Farasi ya Kihispania iliyoko Vienna, Austria, wanafunzi hukaa muda mrefu katika mazoezi ya namna hiyo, bila hatamu wala vikuku vya kukanyagia, kabla ya kuachiwa farasi wenyewe.

Mazoezi haya manne yanaweza kufanywa nyumbani na mtu yeyote, hata asiyewahi kumgusa farasi:

1. Piga goti moja chini, mguu mwingine mbele. Sukuma nyonga mbele polepole bila kupinda mgongo hadi uhisi mvuto mbele ya paja. Hesabu hadi 30, kisha ubadilishe. Rudia mara tatu.

2. Lala chali, miguu na mikono juu. Teremsha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja hadi karibu na sakafu, rudisha, kisha ubadilishe. Kiuno kisiachane na sakafu. Fanya mara nane kila upande.

3. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki. Nusu ya kwanza mguu wa kulia, nusu ya pili wa kushoto. Ule unaoyumba zaidi ndio unaohitaji kazi zaidi.

4. Keti kwenye ukingo wa kiti kigumu. Weka viganja chini ya makalio uhisi mifupa miwili ya kukalia. Sawazisha uzito juu ya yote miwili, kisha vuta pumzi hadi tumboni mara kumi.

Maumivu yakizidi wiki sita, muone daktari. Lakini ukihisi ganzi kati ya mapaja, miguu ikilegea, au ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, usingoje hata siku moja. Nenda hospitali mara hiyo.

Kichwa hakina cha akiba

Kwa miaka mingi wapandaji wa dresaji walivaa kofia ndefu nyeusi za sherehe ambazo hazikinzi chochote. Walidhani ajali ni za wale wanaoruka viunzi.

Machi 2010, Mmarekani Courtney King-Dye, aliyekuwa ameshiriki Olimpiki ya 2008, alikuwa akimzoeza farasi huko Florida. Farasi alijikwaa, wote wawili wakaanguka. Mama huyo hakuwa amevaa kofia ngumu. Fuvu lake lilivunjika, akakaa katika usingizi wa kuzirai kwa wiki kadhaa, na baadaye akalazimika kujifunza upya kutembea na kuzungumza. Hakuwa mwanagenzi, na farasi hakuwa mkaidi. Alijikwaa tu.

Tangu Januari 2021, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi limelazimisha kofia ngumu katika mashindano yake ya dresaji. Somo hili ni lile lile tunalowaambia abiria wa bodaboda kila siku: kofia ivaliwe kichwani wala si kuning'inizwa kwenye usukani, na kamba ifungwe kidevuni. Kofia iliyopata pigo moja kubwa itupwe, hata kama haionyeshi ufa.

Mtu akianguka na kuumwa na kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali. Asipande tena siku hiyo hata akisema yuko sawa. Akilalamikia shingo, asisogezwe wala kuvuliwa kofia hadi wahudumu wafike, isipokuwa kama hawezi kupumua.

Usisahau pia chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha farasi, na kidonda kidogo kilichopatikana bandani chaweza kuviingiza mwilini.

Aliyeshinda bila nguvu za miguu

Tumalizie kwa kisa cha mwanamke mmoja wa Denmark, Lis Hartel. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na mjamzito, alishikwa na polio. Wakati huo chanjo ilikuwa bado haijapatikana. Ilikuja mwaka 1955. Alijifungua mtoto mzima, lakini ugonjwa ulimwacha amepooza kuanzia magotini kwenda chini.

Madaktari hawakutarajia apande farasi tena. Yeye alirudi juu ya tandiko, akaanguka, akarudi tena. Mwaka 1952 huko Helsinki, ambapo wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushiriki dresaji ya Olimpiki, alishinda nishani ya fedha akiwa juu ya farasi jike aitwaye Jubilee. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Mshindi wa dhahabu, Msweden Henri Saint Cyr, ndiye aliyemsaidia kufika kwenye jukwaa la washindi. Mwaka 1956 alishinda fedha tena.

Jiulize: mtu asiyeweza kupiga teke alimwongozaje mnyama wa mamia ya kilo? Alimwongoza kwa uzito wake, kwa mgongo wake na kwa pumzi yake. Yale ambayo wapandaji wazima huyatafuta kwa mjeledi, yeye aliyapata kwa kukaa sawa.

Kisa chake kiliwapa wengi moyo wa kutumia farasi katika tiba. Farasi anapotembea, mgongo wake huzungusha nyonga za aliyempanda karibu sawa na zinavyozunguka mtu anapotembea kwa miguu yake. Ndiyo sababu watoto wenye ulemavu wa viungo hupandishwa farasi chini ya uangalizi wa wataalamu, ili misuli yao ijifunze usawa. Dresaji ya walemavu nayo imo katika Olimpiki ya Walemavu tangu ile ya Atlanta ya mwaka 1996.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Xenophon aliandika kitabu kuhusu upandaji farasi, na humo alionya mtu asimshughulikie farasi akiwa na hasira. Onyo hilo halijachakaa. Siku ambayo farasi wako anakataa kila kitu, shuka. Mkague meno, mgongo na kwato. Kisha ujikague wewe: umelala saa ngapi, mabega yako yako wapi, na je, unapumua?

Na kama huna farasi wala hutarajii kumpanda, bado una kiti. Keti juu yake ukiwa umenyooka.